Reli Iliyopita Chini ya Mashine ya Mama Zai

Madam hatembei kando ya barabara kama watu wengine. Anatembea ndani yake, kichwa chini, mwavuli umekunjwa na kushikwa kama fimbo, na watu wa bodaboda wakimpigia honi anawapungia mkono bila kuwatazama, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Hapa Kitale tumemzoea. Wageni ndio huniuliza kama yule mama mzee amepoteza kitu. Mimi huwajibu kwamba ndiyo, amepoteza reli, na akishaipata atawaambia wote, watake wasitake.

Namwita Madam kwa sababu ndivyo tulivyomwita shuleni Bungoma, na mpaka leo, nikiwa na mvi zangu na duka langu la dawa za mifugo, siwezi kumwita vingine. Walimu wengine wa kike walikuwa Madam fulani na Madam fulani. Yeye alikuwa Madam, basi. Alitufundisha Jiografia kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, na wapishi wa shule walijua milima ya volkano kuliko baadhi yetu.

Ni mtu wa Bungoma kweli kweli, na mdomoni mwake r na l hubadilishana zamu zinavyotaka. Kuna siku reli ni leli na barabara ni balabala, na kuna siku kila kitu kinakaa sawa. Mwanafunzi akicheka, alikuwa anamwambia kwamba mto Nzoia haujali unavyotamkwa, unateremka tu. Tulicheka mwaka wa kwanza. Kufikia mwaka wa tatu wengi wetu tulikuwa tunatamka kama yeye, na kuna rafiki yangu, sasa ni wakili Nairobi, ambaye akikasirika mahakamani Madam anamtoka mdomoni.

Kitu kimoja hakuvumilia, neno "pale". Ukisema daftari liko pale, atakuuliza pale ni wapi. Ukisema ni pale mezani, atakuuliza upande upi wa meza. Alikuwa anaamini kwamba mtu asiyejua kitu kiko upande gani wa kitu kingine hajakiona, amekisikia tu. Nilimshuhudia Jumapili moja, baada ya ibada, akimzuia mchungaji mlangoni kumuuliza ile njia nyembamba ya uzimani inapita upande gani wa ile pana, kwa sababu mahubiri hayakusema. Mchungaji alidhani anatania. Alisubiri jibu mpaka mke wa mchungaji akaja kumwokoa mumewe.

Tulimpenda, lakini nisiseme uongo, alituchosha.

Nitaeleza habari ya tramu, maana bila hiyo mtu hawezi kumwelewa. Kwenye kitabu chetu cha kidato cha tatu kulikuwa na picha ya mji wa ng'ambo, na katikati ya mji huo tramu: kitu kama behewa moja la treni, linapita barabarani juu ya reli zilizolazwa ndani ya lami, pamoja na magari, baiskeli na watu wa miguu. Sisi watoto wa Bungoma treni tuliijua. Lakini treni ya Bungoma ilikuwa na mambo yake na njia yake, kokoto zake na mataruma yake, na haikuja kutusumbua sokoni. Hii ya kwenye picha ilikuwa imeingia mjini kama mgeni asiyebisha hodi. Tukabishana. Reli inakaa katikati ya barabara au pembeni? Gari likitaka kukata kona linaomba ruhusa kwa nani? Na mama akitaka kupanga nyanya zake, azipange wapi?

Madam alitusikiliza mpaka kengele ikalia, kisha akasema mji haujengwi kwa mdomo, kesho tutatoka nje.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Alikuwa ameazima kwa mwalimu wa michezo ile chokaa ya kuchorea uwanja wa mpira, na kofia pana ya majani, na kamba ndefu. Mimi nilibeba ndoo. Tulianza mwanzo wa barabara ya soko tukashuka nayo, Madam mbele akielekeza, sisi nyuma tukimwaga chokaa: mistari miwili katikati ya barabara, kisha akasema tujaribu pembeni, tukachora mingine miwili karibu na vibanda. Kazi ilikuwa tamu. Tulikuwa tumevaa sare, jua halijawa kali, na kwa mara ya kwanza nilianza kuiona ile tramu ikija.

Hakuna aliyefikiria watu wa soko wanaona nini. Huku kwetu, mtu mwenye kofia na kamba akipiga mstari mweupe mbele ya kibanda chako, huhitaji kuelezwa na mtu. Kanjo, askari wa baraza la mji, wako njiani na tingatinga liko nyuma yao. Tulipofika mwisho wa barabara na kugeuka kuitazama kazi yetu, vibanda vya mwanzo havikuwepo. Wanawake walikuwa wakifunga nyanya kwenye leso, muuza viatu alikuwa amevivaa vyote shingoni, na fundi cherehani alikuwa anakimbia na cherehani kichwani, cha ajabu bila kuangusha hata sindano. Mzee mmoja wa kuuza viti alimfuata Madam na mkungu wa ndizi, akamwomba kwa adabu kubwa mstari ukifika kwake ukunje kidogo.

Madam akapaza sauti kuwaambia ni masomo tu, ni tramu. Wakamuuliza tramu ni nini. Akasema ni kama treni, ila inapita hapa hapa katikati ya soko. Wale waliokuwa bado hawajafunga mizigo wakaanza kufunga.

Hakutupeleka shuleni. Alituambia tubebe meza zote tuzirudishe mahali pake, nyanya zipangwe tena mafungu kama yalivyokuwa, na yeye mwenyewe akapita kibanda kwa kibanda akiomba msamaha, kofia mkononi. Ndizi alizirudisha kwa mwenyewe, ingawa sisi tulikuwa na njaa na tulimwona mjinga. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, mlango ukafungwa kwa muda mrefu. Kipindi kilichofuata akaingia darasani na kutufundisha kilimo cha ngano kana kwamba hakuna tramu iliyowahi kupita Bungoma.

Ungedhani mtu kama huyo kwake kila kitu kimenyooka. Nyumba yake ya Tuwan, mtaa wa hapa Kitale aliohamia baada ya kustaafu, haina kitu kilichonyooka. Rafu imeinama, kalenda imeinama, kochi lina mguu mmoja wa tofali. Na huyu mwalimu wa ramani akiingia kwenye jengo anapotea. Hospitali ya hapa mjini amepotea ndani yake mara nyingi, na siku moja alikwenda kumwona mgonjwa wa kanisani akajikuta amekaa kitandani kwa mtu asiyemjua, wakaongea mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Alirudi na habari zote za yule mtu. Anasema hapendi umbea. Mimi ninachojua kuhusu majirani zangu, nusu yake nimeambiwa na yeye, akianza kila mara kwa kusema kwamba yeye hapendi umbea.

Nilikutana naye tena Kitale siku alipoingia dukani kwangu kutafuta dawa ya kuku wanaokohoa. Hakunisalimu kwanza. Alisimama mlangoni akaniambia mshale wa kibao changu unaelekeza watu kwa fundi wa pikipiki. Nikatoka nje kutazama. Ilikuwa kweli, na ulikuwa hivyo tangu nifungue duka. Ndipo akanitazama vizuri usoni, akasema, "Wekesa. Nilijua tu ni mmoja wenu."

Duka langu liko kwenye barabara ya maghala. Zamani reli ilitoka stesheni ikaingia barabara hii hii kupeleka mabehewa ya mahindi ghalani, na walioijenga hawakuipa njia yake, waliilaza ndani ya barabara, wakamwaga lami mpaka midomoni mwa vyuma. Behewa halijapita huku tangu sijui lini. Kuna mahali reli inaonekana iking'aa kwa kusuguliwa na magurudumu ya malori, na kuna mahali imezama chini ya udongo na vibanda. Sisi tunaoishi nayo hatukuwa tunaiona tena. Madam alipoiona mara ya kwanza alisimama katikati ya malori kama mtu aliyekutana na jamaa yake wa zamani.

Aliniambia, "Hii ndiyo tramu yetu, wewe."

Basi ndipo kazi ilipoanza. Siku hizi kuna ramani za mtandaoni ambazo mtu yeyote anaweza kuzirekebisha akiona zimekosea, na binti yake alimwekea moja kwenye simu na kumwonyesha namna ya kuchora. Mtu huyu alikuwa anasema simu ni ya kuulizia hali ya mgonjwa. Wiki chache baadaye hakuiweka chini. Alichora visima vya Tuwan, alichora vivuko, alichora mti wa mkaratusi ulioanguka na baada ya wiki akaufuta. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye reli ya barabara ya maghala, kwa sababu kwenye ramani ilikuwa imechorwa katikati kabisa ya barabara, mstari juu ya mstari, na aliyechora hivyo bila shaka hajawahi kukanyaga Kitale.

Nilimwambia mstari ni mstari, iko kwenye barabara, si inatosha. Hapo nilijiletea somo. Miji yenye tramu, alisema, inagombana juu ya jambo hilo hilo: reli iko upande wa kushoto au wa kulia, inagawana njia na magari au ina njia yake, inavuka wapi na kwa mshazari gani. Maana gurudumu jembamba likiingia kwenye ufa wa reli, halitoki lenyewe. Na yeye hakuwa akiyatoa hayo hewani. Alikuwa amepanda bodaboda siku ya manyunyu, wakapita mahali reli inapokata barabara kwa mshazari, gurudumu likashikwa. Yeye aliumia goti, yule kijana mkono. Goti lake halijawa sawa mpaka leo. Madam hakumlaumu kijana hata kidogo. Alimlaumu aliyechora reli katikati wakati iko pembeni, maana watu wa bodaboda nao hufuata ramani ya simu.

Sasa nije kwa Mama Zaituni, maana bila yeye habari hii ingekuwa ya kuchekesha tu.

Mama Zai, kama tunavyomwita, anaishi karibu na msikiti, ni mjane, na mumewe alimwachia mashine ya kusaga mahindi, posho kama tunavyosema huku. Ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwangu. Yeye na Madam walijuana kwenye foleni ya posho, wakigombana kama unga umesagwa laini au la, na ugomvi ukawa wa kila wiki, kisha wa kila siku, kisha ukaja na chai. Idi, Madam alikuwa wa kwanza kufika kwa Mama Zai na wa mwisho kuondoka, mkononi sufuria ya pilau ya kupeleka nyumbani. Krismasi, Mama Zai alikuja Tuwan na kisu chake mwenyewe, akachinjiwa kuku na shehe wa mtaani ili ale bila wasiwasi. Sijawahi kuona watu wazima wawili wakipendana kwa kelele namna ile.

Posho ile ilikuwa na sifa. Mashine za wengine zinatikisa nyumba mpaka vikombe vya jirani vinatembea mezani. Yake ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba, na watu walitoka mbali kama Saboti na magunia wakiziacha posho nyingine njiani, kwa sababu unga wake haukuwa na chenga. Watu walidhani ni dawa. Siku moja Mama Zai alimwita Madam nyuma, akasogeza magunia, akafagia sakafu, akamwonyesha. Marehemu mumewe, alipoileta mashine, alichimba kidogo akakuta reli, akaifunga miguu ya mashine kwenye reli yenyewe kwa bolti. Ndiyo maana haikutikisika. Kitale nzima, siri ile sasa ilikuwa ya watu wawili, na siku ile ile ikawa ya watatu, maana Madam alikuja moja kwa moja kunieleza, akianza kwa kusema yeye hapendi umbea.

Lakini jambo lililomfurahisha zaidi ni kwamba sasa alijua. Reli ilikuwa inapotelea chini ya vibanda vya upande ule na kutokea tena mbele, na yeye alikuwa ameshindwa kujua imepita wapi katikati yake. Sasa aliijua. Jioni ile ile akarekebisha ramani. Aliutoa mstari katikati ya barabara akaupeleka pembeni, chini ya posho ya Mama Zai.

Alinionyesha asubuhi yake, akiwa na furaha ya mtoto. Siku zile maneno yalikuwa yameanza kuenea kwamba reli itafufuliwa, na watu wa upande ule walikuwa wakijifariji kwamba ramani inaonyesha iko katikati ya lami, kwa hiyo wao haiwahusu. Nikamuuliza kama amemwambia Mama Zai.

"Nimwambie nini?" akasema. "Leli iko chini ya miguu yake. Anaijua kuliko mimi."

Mtu humjibu vipi Madam.

Walikuja siku ya kazi, wanaume wenye vizibao vya manjano, na sijui mpaka leo walitumwa na nani. Mmoja alikuwa anatembea akitazama simu, na simu ilikuwa na ile ramani. Walisimama mbele ya posho. Vibanda vya mbao vya jirani viliambiwa vijivute nyuma, na vilijivuta, mbao ni mbao. Posho ilikuwa imefungwa kwenye reli, haikuwa na mahali pa kujivuta. Mama Zai alitoka, unga mpaka kwenye kope, akataka kujua wanajuaje reli iko kwake. Yule mtu akamgeuzia simu aone.

Madam alikuwa amekaa kwenye benchi la duka langu akinywa chai. Mama Zai aliitazama simu, kisha akainua macho akamtazama ng'ambo ya barabara. Alivuka pole pole. Nilidhani atapiga kelele, na ningependelea hivyo.

"Madam," akasema, "mimi nilikuonyesha kama rafiki. Si ungeniuliza kwanza?"

Nyuma ya Mama Zai wale wanaume walikuwa wanachora X nyekundu ya kubomolewa kwenye ukuta wa posho.

Fundi alikuja kukata zile bolti. Mashine ilihamishiwa uchochoro wa nyuma, upande wa kwenda Kipsongo, kwenye chumba cha mabati ambacho ukipita haraka hukioni. Haikuwa na reli ya kushikilia, ikaanza kutikisika kama za wengine, unga ukawa na chenga. Watu wa Saboti walikuja mara moja, wakazunguka, wakauliza, wakachoka, wakasagia kwingine. Na reli haikufufuliwa. Hakuna hata msumari uliogongwa. Mvua iliifuta ile X mpaka ikawa waridi, na siku hizi pale kuna kinyozi ambaye hajui kitu, ana muziki wa juu na wateja wengi.

Watu walimwambia Madam afute ule mstari aurudishe katikati. Hakuufuta. Alisema wa bodaboda bado wanapita pale na mvua bado inanyesha, na hilo ni kweli, sijasikia aliyeanguka pale siku nyingi. Lakini baada ya siku ile hakuchora kitu kingine tena. Nilimwambia kuna daraja jipya la miguu halimo kwenye ramani, akasema mwachie mwingine. Alianza kutembea kando ya barabara, karibu na mtaro, kama kila mtu, na mimi nilitamani arudi katikati ya malori.

Idi ilifika, sufuria ya pilau haikuja Tuwan. Wakikutana njiani Mama Zai aliitikia salamu, maana ana adabu, lakini aliitikia kama unavyomwitikia mtu wa bima.

Kisha nikaanza kuletewa unga. Madam alikuwa ananiletea gorogoro mbili, tatu, ile mikebe ya kupimia, ananiambia ni wa ziada. Majirani zake nao waliletewa. Kanisani waliletewa. Nilipokwenda Tuwan kumwona, nilikuta unga chini ya kitanda, unga kwenye karai, unga kwenye ile rafu iliyoinama, na yeye anaishi peke yake na jioni hula viazi. Kumbe kila alipopata nafasi alikuwa ananunua mahindi sokoni, anayabeba mwenyewe na goti lake bovu mpaka uchochoroni, anasimama kwenye foleni, anasagiwa, anashukuru, anaondoka. Mama Zai alimsagia kila mara bila neno. Madam aliniambia unga siku hizi una chenga kidogo, lakini si mbaya. Nilitoka mle ndani nikasimama nje kwanza, kwa sababu machozi yalinijia na sikutaka aniulize yanatoka jicho la upande gani.

Siku moja aliyekuwa akimsaidia Mama Zai hakuja kazini. Mashine inatikisika, kwa hiyo lazima mtu ashikilie mdomo wa gunia. Madam alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Aliweka debe lake chini, akaenda akashika. Mama Zai alimtazama, akasema tu, "Shika vizuri."

Tangu siku hiyo yuko pale kila siku. Walianza kuongea kidogo kidogo, juu ya bei ya mahindi, juu ya magoti, juu ya binti wa fulani anayeolewa. Kelele zao za zamani zilirudi nusu. Neno ramani halikutajwa kamwe. Simu ya Madam ilikaa ndani ya mkoba, mkoba ukakaa kwenye msumari.

Juzi nilipeleka mahindi yangu ya chakula cha kuku. Mimi mwenyeji nilikosea uchochoro mara moja kabla ya kuwapata. Madam alikuwa ameshikilia gunia, mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, akimpigia Mama Zai kelele juu ya mngurumo kwamba mahindi haya hayajakauka. Kisha stima za umeme zikapotea, kama kawaida, na mashine ikanyamaza. Tukatoka kukaa mlangoni, kwenye ile hewa yenye vumbi la unga, tukingoja.

Akaja mteja, mwanamume wa makamo na gunia begani, jasho likimtoka, akaniuliza kama hapa ndipo kwa Mama Zai. Alisema ametoka Saboti, amezunguka mpaka Kipsongo na kurudi, na kila aliyemuuliza amemwambia ni pale.

"Mama, si ujiweke kwa ramani bana," akasema akitua gunia. "Watu wanapotea."

Madam alianza kukung'uta unga kwenye sketi yake, akakung'uta sehemu moja tu, tena na tena. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mama Zai aliniuliza kama simu yangu inaweza kufanya kazi hiyo, nikasema sijui namna yake, na kwa kweli sijui.

Mama Zai akaingia ndani, akautoa mkoba msumarini, akauweka mapajani mwa Madam.

"Niweke," akasema. "Lakini mara hii niulize kwanza."

Madam alifungua mkoba, akaitoa simu, akaifuta kioo kwa upindo wa kitambaa chake cha kichwa, na unga ukazidi kuenea, akafuta tena. Alichukua muda kupata mahali tulipo. Nilichungulia: uchochoro wetu haukuwemo, palikuwa na nafasi tupu kati ya barabara mbili. Tulikuwa tumekaa mlangoni kabisa, miguu yetu ilikuwa kizingitini, na kama kulikuwa na mtu asiyehitaji kuuliza tuko wapi, ni yeye. Aliinua uso, akauliza kwa sauti ambayo darasani isingefika hata dawati la pili.

"Nikuweke wapi, Mama Zai?"

Mama Zai alijifunga leso yake upya kiunoni.

"Hapa nilipo," akasema. "Njoo nikuonyeshe."

Akampa mkono kwa ajili ya lile goti, akamwinua, na wakatoka wote wawili mpaka uchochoro unapoanzia, simu mkononi.